Simsim kwa Viungo Vinavyouma: Mwongozo kwa Kaya za Busia na Tororo

Simsim, ambayo Waswahili wa pwani na wa Tanzania huiita ufuta na wataalamu wa mimea huiita Sesamum indicum, ni mbegu ya mafuta inayojulikana vyema mpakani mwa Kenya na Uganda, katika nchi iliyo kusini mwa Mlima Elgon ambao Wagisu huuita Masaba. Iteso wa Malaba, Amagoro na Tororo huiita ikanyum, Wapadhola huiita nyim kama wafanyavyo ndugu zao Wajaluo, Waluhya wa Samia na Bukhayo wana jina lao lenye shina la nuni, na mfanyabiashara aliyetoka Kampala huiulizia kwa jina la ntungo. Lakini sokoni, lugha hizo zote zinapokutana, neno linaloeleweka na kila mtu ni simsim, na ndilo litakalotumika hapa.

Mwongozo huu unahusu viambata vya simsim vinavyotuliza ule moto wa ndani unaoonekana katika goti lililovimba au kiungo kinachokaza asubuhi. Viambata hivyo vipo kweli, na kazi yao imechunguzwa kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, kiasi kinachomfikia mlaji hutegemea sana mikono ya aliyeikaanga mbegu, aliyeishindika na aliyeyahifadhi mafuta yake, na jambo ambalo wanunuzi wengi wa mafuta ya chupa hawalijui ni kwamba simsim iliyosagwa nzima, kama wanavyoisaga akina mama wa Teso kwa kuungia mboga, hubeba baadhi ya viambata ambavyo haviingii kabisa katika mafuta.

Mwako na kazi yake

Tishu za mwili zinapojeruhiwa au kuvamiwa na vijidudu, mwili hupeleka damu nyingi na chembe za ulinzi mahali palipoumia, na matokeo yake ni joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Hali hiyo kwa lugha ya tiba ni inflamesheni, ambayo hapa itaitwa mwako. Neno uvimbe pekee halitoshi, kwa sababu kuvimba ni dalili moja tu kati ya hizo, na mwako mwingine huendelea ndani ya mishipa ya damu bila kuvimbisha chochote kinachoonekana. Mwako wa siku chache ni msaada, kwani bila huo hata mchubuko wa jembe mguuni usingepona. Unaodhuru ni ule unaofuka kama kaa chini ya majivu kwa miezi na miaka, kama ilivyo katika baridi yabisi, katika magoti yaliyochakaa ya wazee na katika mishipa ya watu wenye shinikizo la damu au kisukari.

Katika kuuwasha mwako, mwili hutumia miongoni mwa mambo mengine asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki, ambayo hugeuzwa kuwa prostaglandini, yaani kemikali ndogo zinazotanua mishipa na kuamsha maumivu. Aspirini na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kukizuia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, ambacho huzitengeneza prostaglandini hizo. Ni vyema kuikumbuka njia hii, kwa kuwa kiambata kikuu cha simsim huigusa hatua moja nyuma zaidi.

Yaliyomo ndani ya mbegu

Takriban nusu ya uzito wa mbegu ya simsim ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi mbili, oleiki na linoleiki, zinazokaribiana kwa wingi, huku asidi ngumu zinazogandisha mafuta zikiwa kidogo. Hadi hapo simsim haijitofautishi sana na mbegu nyingine za mafuta. Upekee wake umo katika kundi dogo la kemikali ziitwazo lignani, ambazo mmea huzitengeneza kwa kujilinda. Katika mafuta ya simsim, lignani kuu ni sesamini na sesamolini, nazo kwa kawaida ni gramu chache tu katika kilo nzima ya mafuta. Ya tatu ni sesamoli, ambayo katika mbegu mbichi ni haba mno na huzaliwa sesamolini inapovunjika kwa joto. Pamoja nazo imo tokoferoli ya aina ya gama, mojawapo ya sura za vitamini E.

Mwaka 1991 watafiti wa Kyoto, Japani, walionyesha kwamba sesamini hukizuia kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa asidi arakidoniki, na walilithibitisha hilo katika kuvu aitwaye Mortierella alpina na katika maini ya panya. Tangu hapo maabara nyingi zimeonyesha kwamba sesamini na sesamoli hupunguza pia utoaji wa saitokini, yaani protini ambazo chembe za ulinzi huzitumia kuitana kwenye eneo la mwako. Sesamoli aidha ni kizuiaoksidishaji chenye nguvu, maana yake huzikamata kemikali kali zinazozaliwa oksijeni inaposhambulia mafuta na kuta za chembe, na ndiyo sababu mafuta ya simsim iliyokaangwa hukaa muda mrefu bila kuchacha kuliko mafuta mengi mengine yasiyosafishwa kiwandani.

Wapo wanaodai kwamba simsim haiwezi kutuliza mwako kwa kuwa asidi linoleiki iliyojaa ndani yake ndiyo malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza arakidoniki. Kwenye karatasi hoja hiyo ina mantiki, ila majaribio ya kulisha watu asidi linoleiki zaidi hayajaonyesha kwamba alama za mwako katika damu zao huongezeka. Mwili huidhibiti njia hiyo kwa ukali, na katika simsim yenyewe sesamini imesimama mlangoni.

Baada ya kuliwa, sesamini haibaki kama ilivyo. Ini huibadilisha, na sehemu inayofika katika utumbo mpana huvunjwa na bakteria wanaoishi humo, ikawa kemikali iitwayo enterolaktoni ambayo huingia katika damu. Watu wawili waliokula sahani moja ya simsim waweza kupata viwango tofauti kabisa vya enterolaktoni, kwa kuwa bakteria wao si sawa, na mtu aliyemaliza dozi ya antibiotiki hivi karibuni hupata kidogo kwa muda. Hilo si sababu ya kuiacha dozi aliyoandikiwa na daktari, bali linaeleza kwa nini mmoja husifu simsim na jirani yake asione tofauti.

Simsim pia huisaidia vitamini E kukaa mwilini, kwa kuwa sesamini hupunguza kasi ambayo ini huivunja na kuitoa. Utafiti mdogo wa Hawaii uliochapishwa mwaka 2001 uliona kiwango cha tokoferoli ya gama katika damu kikipanda baada ya siku chache tu za kula vyakula vilivyotiwa simsim.

Kuhusu viungo vyenyewe, ushahidi kwa wagonjwa upo ila ni mwembamba. Mwaka 2013 watafiti wa Tabriz, Iran, walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa magoti yaliyochakaa, ambapo kundi moja lilikula gramu 40 za simsim iliyosagwa kila siku kwa miezi miwili pamoja na matibabu ya kawaida, na kundi la pili likapata matibabu ya kawaida peke yake. Waliokula simsim walipata nafuu zaidi ya maumivu. Watu 50 ni wachache, na mtu anayejua kwamba anakula simsim huenda akajisikia vizuri kwa matumaini pekee. Kwa mizani ya ushahidi huo, simsim ni chakula chenye msaada wa kadiri kwa mwenye mwako wa muda mrefu, chakula kinachostahili kuwekwa mezani kila wiki, wala si dawa inayochukua nafasi ya kidonge, na anayeiuza kama tiba ya baridi yabisi katika vichupa vya bei ghali anamwonea mgonjwa.

Kuchagua mbegu sokoni

Simsim inayouzwa mpakani ni mchanganyiko. Ipo ya mashamba ya karibu, ipo inayoshuka kutoka Teso, Lango na Acholi, na katika magunia hukutana mbegu nyeupe, za kahawia na nyekundunyekundu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Serere, katika eneo la Teso, kimetoa mbegu bora zinazojulikana kwa majina ya Sesim 1, Sesim 2 na Sesim 3, na mkulima wa Tororo anayetaka kupanda ana sababu nzuri ya kuziulizia. Kwa mlaji, rangi si kipimo cha lignani, kwa sababu wingi wake hutegemea aina ya mbegu na mahali ilipokulia kuliko weupe au weusi wa ganda. Mnunuzi asikubali kulipa ziada kwa simsim nyeusi kwa maelezo kwamba ndiyo yenye dawa.

Kinachostahili kuangaliwa ni ukavu, umri na usafi. Mnunuzi na aingize mkono ndani kabisa ya gunia, maana juu huwekwa iliyo nzuri. Mbegu kavu huteleza kati ya vidole na kutoa mlio mwembamba, ilhali yenye unyevu hushikamana na huacha ubaridi kiganjani. Kisha atafune chache. Mbegu nzima ina ladha ya utamu hafifu inayofanana na ya karanga, na iliyokaa sana huacha uchungu unaong'ang'ania kwenye koo, dalili kwamba mafuta yamekwisha kuchacha ndani ya ganda. Harufu ya ukungu ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei.

Mchanga ndio kero kubwa, na chanzo chake kinafahamika. Vitumba vya simsim hupasuka vinapokauka, hivyo mkulima hufunga mashina mafungu, huyaegemeza wima hadi yakauke, kisha huyageuza kichwa chini na kuyakung'uta, na kama amekung'utia kwenye udongo mtupu badala ya turubai, mbegu ndogo kama hizo hazitenganishwi tena na changarawe kwa kupepeta peke yake. Pamoja na mchanga huja vijidudu vya kinyesi cha kuku na mbuzi, wakiwemo salmonela wanaoharisha. Simsim ioshwe katika beseni lenye maji mengi, ikorogwe kwa mkono, na kwa kuwa mchanga hutangulia kuzama, mbegu zimiminwe pamoja na maji kwenye chujio la kitambaa huku mchanga ukibaki chini. Kazi hiyo irudiwe hadi beseni libaki safi, na mbegu zianikwe juani siku hiyo hiyo juu ya turubai au mkeka, kwani simsim iliyolala na maji usiku mmoja huanza kuumuka.

Kukaanga: hatua inayoamua

Katika hatua zote, kukaanga ndiko kunakobadilisha zaidi kemia ya simsim. Joto huivunja sesamolini na kuzaa sesamoli, na hivyo mbegu iliyokaangwa vizuri ina kinga ambayo mbegu mbichi haina. Lakini joto hilo hilo likizidi huiteketeza sesamoli yenyewe pamoja na tokoferoli, huipunguza sesamini na kuzaa masizi yenye kemikali zinazodhuru. Mpishi anatafuta kituo cha katikati, na kituo hicho ni chembamba.

Chombo kiwe kizito, chungu au sufuria nene, na moto uwe wa makaa au wa kuni zilizokwisha kushika, si wa ndimi. Mbegu zisizidi kina cha vidole viwili, ama sivyo za chini zitaungua na za juu zitabaki mbichi. Mwiko usisimame. Mara ya kwanza huinuka mvuke wenye harufu ya majani mabichi. Baada ya hapo mbegu huanza kualika moja moja, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, na harufu hugeuka kuwa ya karanga. Mwaliko unaposhika kasi, mpishi achukue mbegu chache na kuziponda kati ya kucha mbili: ikiwa zinavunjika kavu, na ndani zina rangi ya kahawia hafifu kama ganda la karanga, zimeiva. Hapo hapo zimwagwe kwenye ungo na kutandazwa, kwa sababu chungu kilichoepuliwa huendelea kukaanga kwa dakika kadhaa, na simsim nyingi zinazoungua huungulia nje ya moto. Zikifika rangi ya kahawa au kutoa moshi wa bluu, hata zikinukia vizuri, zimepita kipimo.

Simsim iliyopoa ndiyo isagwe. Katika jiwe la kusagia, jiwe dogo la mkononi linaposukumwa juu ya jiwe mama, unga wa kwanza huwa mkavu, na katika mzunguko wa pili au wa tatu hugeuka ghafla kuwa rojo linalong'aa, kwa sababu kuta za chembe zimepasuka na mafuta yametoka. Mashine ya kusagia karanga inafanya kazi hiyo kwa dakika chache, mradi mwenye nayo aisafishe kwanza. Kwa kuwa rojo haliokwi tena, jiwe, mashine na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kusaga. Vijidudu vilivyouawa na moto wa chungu vikirudishwa na mkono mchafu huishi ndani ya rojo la mafuta kwa muda mrefu.

Sababu ya kulipendelea rojo kuliko mafuta ni hii. Mbali na sesamini na sesamolini ambazo hupenda mafuta, mbegu ina lignani nyingine zilizofungamana na sukari, ambazo hupenda maji, na mbegu inaposhindikwa hizo hubaki katika mashudu, yaani makapi yanayosalia baada ya mafuta kutoka. Bakteria wa utumboni wanaweza kuzifungua na kuzitumia. Anayekula rojo hupata makundi yote mawili, pamoja na nyuzinyuzi, protini na madini. Anayetumia mafuta peke yake humwachia ng'ombe au kuku sehemu iliyobaki.

Mafuta na namna ya kuyapata

Neno ufuta lina shina lile lile la mafuta, na pwani mafuta haya huitwa pia mafuta ya uto. Lamu na Unguja zilikuwa na vinu vilivyozungushwa na ngamia aliyefunikwa macho, ambavyo mchi wake mkubwa uliponda mbegu taratibu bila kuzichoma. Bara, kaya nyingi zimeyapata kwa mkono: simsim iliyokaangwa hupondwa katika kinu hadi iwe rojo, hutiwa maji ya moto kidogo kidogo na kukandwa mpaka mafuta yajitenge, kisha mafuta hukusanywa na kuchemshwa kwa moto mdogo hadi maji yote yaishe. Alama ya kuisha kwa maji ni kukoma kwa sauti ya kuchemka huku mafuta yakiwa bado hayajatoa moshi. Hatua hii isiharakishwe, kwani maji machache yaliyobaki yanatosha kuyachachisha mafuta yote.

Mwenye kilo nyingi atapeleka kwa mwenye mashine ya kukamua. Mashine hizo mara nyingi hukamua alizeti pia, hivyo ni haki ya mteja kuomba mafuta ya mwanzo yatengwe, maana huwa na mabaki ya mbegu ya mteja aliyetangulia. Yanayotoka yaachwe yatulie siku mbili au tatu katika chombo kilichofunikwa, yachujwe kwa kitambaa kizito, na tope la chini lisitiwe katika chupa.

Anayenunua mafuta yaliyokwisha kushindikwa yuko katika hatari ya kuuziwa mchanganyiko, kwa kuwa mafuta ya simsim ni ghali na ya mawese yaliyosafishwa ni rahisi. Zipo maabara zinazoweza kuitambua simsim kwa kipimo cha Baudouin, ambacho hutumia asidi kali na sukari au fafurali na kugeuza rangi kuwa nyekundu kwa sababu ya sesamoli; India iliwahi kuvilazimisha viwanda vitie asilimia 5 ya mafuta ya simsim katika samli ya mimea ili samli bandia ijulikane kwa rangi hiyo. Kipimo hicho si cha jikoni, kwani asidi yake huunguza, na kinaonyesha tu kwamba simsim imo, bila kuthibitisha kwamba ni simsim tupu. Mnunuzi wa kawaida atategemea alama ya shirika la viwango, UNBS upande wa Uganda au KEBS upande wa Kenya, au bora zaidi aishuhudie mbegu yake mwenyewe ikiingia mashineni. Aelewe pia kwamba mafuta ya kiwandani yasiyo na rangi wala harufu yamepita katika joto na udongo wa kusafishia, na sesamoli nyingi imeondolewa humo ingawa sehemu ya lignani nyingine husalia.

Maadui wa mafuta ni mwanga, hewa, joto na maji. Yatiwe katika chupa ndogo za rangi nyeusi au kahawia, zijazwe hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, na zihifadhiwe mbali na jiko. Dumu jeupe linalowekwa dirishani ili wateja walione ndiyo njia ya haraka ya kuyaua mafuta. Yakianza kunuka kama rangi ya kupakia milango, yamechacha, na mafuta yaliyochacha huleta mwilini zile zile kemikali kali ambazo mtumiaji alitaka kuziepuka.

Kipimo mezani

Gramu 40 zilizotumika Tabriz ni karibu vijiko vinne na nusu vya chakula vya mbegu, na zina nishati ya takriban kilokalori 230, ambayo ni nyingi kwa mtu mwenye uzito mkubwa na magoti mabovu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Kanuni inayofaa ni kwamba simsim ichukue nafasi ya mafuta mengine, isiongezwe juu yake: sufuria ya mboga itakayoungwa kwa rojo la simsim haihitaji kukaangiwa kwanza katika mafuta ya kupikia. Kwa mtu mzima, vijiko viwili vya rojo katika mboga ya siku, mara kadhaa kwa wiki, ni kipimo ambacho kaya inaweza kukimudu bila kubadili bajeti wala ladha.

Mapishi ya mpakani yanaafiki kemia hii. Majani ya kunde, ambayo Iteso huyaita eboo, huchemshwa hadi yalainike, na rojo la simsim hutiwa mwishoni na kukorogwa kwa moto mdogo hadi mchuzi uwe mzito, kisha huliwa kwa ugali wa wimbi na muhogo. Kwa kutiwa mwishoni, lignani haziunguzwi, na mafuta ya simsim huyayusha karotini ya majani hayo ili mwili uifyonze na kuigeuza vitamini A. Faida hiyo ina uzito wa pekee kwa kaya zinazoacha mafuta ya dukani, kwa kuwa Kenya tangu mwaka 2012 imeagiza mafuta ya kupikia yaongezewe vitamini A, na Uganda ina kanuni kama hiyo. Mafuta ya kushindika nyumbani hayana nyongeza hiyo, hivyo yaandamane na mboga za majani, viazi vitamu vya njano, papai au maembe.

Upungufu mmoja wa simsim ni kwamba haina asidi za omega-3 za kutosha kutajwa, nazo ndizo mwili huzitumia kuuzima mwako. Dawa ya upungufu huo iko karibu: omena, ambao Waganda huwaita mukene, huvuliwa Sio Port, Port Victoria na Majanji, na samaki hao wadogo wana asidi hizo. Omena waliooshwa vizuri, wakachemshwa na kuungwa kwa simsim, ni mlo ambao mtaalamu wa lishe angeubuni kama usingekuwepo.

Mafuta ya simsim iliyokaangwa hayafai kukaangia maandazi au samaki katika sufuria ya mafuta mengi, kwa sababu hutoa moshi mapema na lignani zilizogharimiwa kwa jasho huishia hewani. Yatumike kunyunyiziwa chakula kilichoiva.

Kupaka na kukanda

Kukanda kiungo kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto kidogo ni desturi ya nchi nyingi, na utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba wagonjwa walioumia mikono au miguu walipopakwa mafuta hayo maumivu yao yalipungua. Sehemu ya nafuu hutokana na mkono unaokanda na joto lenyewe. Mafuta yapimwe kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, ili yasiunguze, na yasipakwe kwenye kidonda, kwenye kitovu cha mtoto mchanga wala juu ya mfupa unaoshukiwa kuvunjika.

Wapo ambao simsim ni sumu kwao. Mzio wake waweza kuwa mkali kiasi cha kuziba pumzi, na Marekani ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kulazimisha simsim itajwe kwenye vifungashio vya vyakula kuanzia Januari 1, 2023. Mtu aliyewahi kuvimba midomo, kutokwa na mabaka ya kuwasha au kubanwa na kifua baada ya kuila asiionje tena, na kwa kuwa mafuta ya kushindika hubaki na chembe za protini, ayaepuke nayo pia, hata ya kupaka. Mwenye dawa za shinikizo la damu au za kisukari aendelee na dozi zake kama alivyoandikiwa.

Hatari kubwa kuliko mzio ni kuchelewesha matibabu. Katika utafiti wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walikuwa na chembe moja ya urithi wa selimundu (sickle cell), na mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama mara nyingi huanza kuugua kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza miaka miwili. Familia nyingi huudhania uvimbe huo kuwa baridi na kuukanda kwa mafuta wiki baada ya wiki. Mtoto mkubwa zaidi ambaye maumivu yake huhama kutoka goti hadi kiwiko, majuma machache baada ya kuumwa koo, huenda ana homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo wakati viungo vyenyewe vinapona. Naye yeyote, mtoto au mzee, ambaye kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto, hakikunjiki na ana homa, huenda ana usaha ndani ya kiungo. Hao watatu wasikandwe wala kusubirishwa hadi siku ya soko. Wapelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kwa mtoto mdogo aliyevimba vidole, mzazi aombe kwa jina lake kipimo cha damu cha selimundu.